Muhuri Mwekundu

Watu wengi wa hapa kwetu Kizingitini, Lamu, bado wanaamini kwamba mwezi wa Mei 2024 mimi nilikuwa sahihi. Nikishuka bandarini hunitania, "Mwalimu, leo kuna kimbunga?" kisha hucheka, kicheko cha kumcheka mtu unayemheshimu. Heshima hiyo siistahili, na nimekaa nayo muda mrefu kuliko inavyofaa.

Mimi nasomesha jiografia. Mwaka ule, shule zilipokuwa zifunguliwe kwa muhula wa pili, mafuriko yalikuwa yanaua watu nchini na muhula ukasogezwa mbele. Ijumaa ya tarehe 3 Mei, waliokufa wakiwa wameshazidi 200, Rais William Ruto akatangaza kwamba shule hazitafunguliwa hadi taarifa nyingine, na katika hotuba hiyo hiyo akasema Kenya huenda ikakumbwa na kimbunga chake cha kwanza. Kimbunga kilikuwa na jina, Hidaya, na kilikuwa kinaelekea pwani ya Tanzania. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetahadharisha juu ya upepo mkali na mawimbi makubwa pwani yetu. Basi niko nyumbani, sina darasa, simu iko mkononi, na jambo la somo langu mwenyewe limeingia mjini kwetu. Nilikuwa na furaha siku ile. Naona haya kuisema, lakini ndiyo ilikuwa hali yangu.

Sina budi kueleza cheo nilichokuwa nacho katika kundi letu la WhatsApp. Si uadmini, maana admini ni mtu mwingine, muuza duka, naye hana muda. Cheo changu nilijipa mwenyewe. Kilianza Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, ulipozuka ule uvumi wa mtoto mchanga aliyezaliwa akasema watu wanywe chai ya rangi wapate kinga. Sehemu kadhaa za nchi watu waliamshana usiku wa manane kuchemsha maji. Kwetu chai hiyo, strungi, hainywewi kwa kuamshwa, inanywewa tu, lakini ujumbe ulifika na wapo walioushika. Nikauandikia jibu refu, la upole, lenye maelezo. Watu wakashukuru. Baada ya hapo kila kilichotiliwa shaka kililetwa kwangu: bando za bure, ajira za kaunti zinazotaka utume pesa kwanza, dua yenye laana kwa asiyeisambaza. Majibu yangu yakaanza kupungua urefu. Mwishowe nikatengeneza picha kwenye simu, muhuri mwekundu ulioandikwa UONGO kwa herufi kubwa, umelazwa mshazari kama ule wa ofisi za serikali. Ujumbe ukija, nabandika muhuri. Watu wakaupenda. Watoto wakawa wanautaka waubandike kwenye madaftari ya wenzao.

Ujumbe wa Hidaya ulitufikia Ijumaa ile baada ya sala ya isha. Ulikuwa umetoka kwa jamaa walioko Jeddah, ukapita Mombasa, ukatua kwetu ukiwa na mishale miwili, ile alama ya WhatsApp inayoonyesha kwamba ujumbe umepita mikono mingi. Ulikuwa na vitu vitatu pamoja. Kulikuwa na video ya minazi inayolazwa na upepo na mabati yanayoruka. Kulikuwa na sauti ya mwanamume aliyekuwa akihema, akisema mji mzima wa Lamu utafunikwa na maji. Na chini yake kulikuwa na maandishi machache, yenye makosa ya tahajia, yakisema bahari itachafuka tangu Jumamosi na wavuvi wasitoke.

Nikaanza na video, kwa sababu video ndiyo rahisi. Magari yaliyoonekana yalikuwa yanapita mkono wa kulia, nasi Kenya tunapita kushoto. Ubao wa duka ulikuwa na maandishi ya Asia nisiyoweza kuyasoma. Nikaikata picha moja, nikaitafuta mtandaoni, na ikajitokeza kwenye kurasa za miaka ya nyuma, kabla Hidaya haijapewa jina. Hapo nikawa nimemaliza nusu ya kazi na moyo umeshapanda. Nikaenda kwenye sauti: Lamu haiwezi kufunikwa. Nikaenda kwenye somo langu. Kimbunga huzunguka kwa sababu dunia yenyewe inazunguka, na msukumo huo, uitwao Coriolis, hufifia kadiri unavyokaribia ikweta mpaka unakuwa si kitu. Sisi tuko kiasi cha nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Vimbunga huishi kusini zaidi. Kile cha tarehe 15 Aprili 1872 kilichopiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvunja merikebu za Sultani, Sayyid Barghash, kilikuwa nyuzi 6. Kile cha Lindi cha Aprili 1952 kilikuwa karibu nyuzi 10. Kwetu hakifiki.

Yote hayo yalikuwa kweli, na bado ni kweli. Nikabandika muhuri.

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikipaepuka. Mtu anaweza kudhani kwamba nilikosea kwa haraka, kwamba sikuyaona yale maandishi ya chini. Niliyaona. Nilikuwa nimemsikia Rais na nilikuwa nimesikia redioni habari ya tahadhari. Nilijua kwamba, ukiacha tahajia mbaya, maandishi yale yalikuwa yamebeba jambo la kweli kutoka mahali panapohusika. Lakini nilikuwa nimeshajiamulia kwamba serikali inatia chumvi, na ile video ya uongo ikanipa fimbo. Nilimpiga nayo mtu ambaye hata hakuileta. Idara ya Hali ya Hewa haikutuma minazi ya Asia. Mimi niliifanya ionekane kana kwamba ndiyo iliyotuma.

Na nilikuwa najua kwamba muhuri wangu hausemi ni kipi kilicho uongo. Ulilala juu ya vyote vitatu.

Kuna jambo la bahari ambalo nalisomesha kila mwaka kwa watoto wa kidato cha pili, na usiku ule sikulikumbuka, au sikutaka kulikumbuka. Upepo wa kimbunga hufia pale pale kimbunga kinapofia. Wimbi halifii hapo. Wimbi lililozaliwa na upepo mkali husafiri lenyewe, mamia ya kilomita, likaingia katika bahari isiyo na upepo wowote na kumkuta mvuvi chini ya jua kali. Kutoka Kisiwa cha Mafia mpaka kwetu ni zaidi ya kilomita 600. Hiyo kwa wimbi si safari ndefu. Isitoshe, mwezi wa Mei ni mwanzo wa kusi, na bahari ya nje ya miamba yetu haihitaji kimbunga kuwa mbaya.

Ami yangu ni nahodha. Mashua yake ilikuwa na mashine ya nguvu za farasi 15 aliyokopeshwa na tajiri wa kamba, na deni lilikuwa halijafika hata nusu. Msimu wa kamba ulikuwa unafunga. Siku mbili tatu za mwisho ndizo zilizobaki kabla kusi haijafunga milango. Yeye hasomi simu. Kijana wa mashua yake ndiye humsomea. Usiku ule kijana alimwambia, "Mwalimu ameuweka muhuri." Maneno haya niliyapata baadaye sana, kutoka kwa kijana mwenyewe.

Wakatoka Jumamosi alfajiri. Nje ya miamba wakakuta bahari imejaa, mawimbi marefu yanayokuja kwa mpangilio. Wakatega kidogo, wakaona haifai, wakageuza. Ni wakati wa kurudi, katika mlango wa miamba, wimbi lilipowainua kwa nyuma, mashua ikakaa ubavu na kujaa maji. Mashua nyingine iliyokuwa nyuma yao iliwaokota wote. Mashine ilizama. Nyavu zilikwenda. Kijana alivunjika mkono, akapelekwa hospitali Lamu kwa boti, na boti hiyo nayo ikangoja mchana kutwa bahari itulie.

Siku hiyo hiyo, Jumamosi tarehe 4 Mei, Hidaya ilipiga Mafia. Kufikia Jumapili habari zilikuwa zimeenea kwamba imeishiwa nguvu nchi kavu. Kenya haikupata kimbunga. Na hapo ndipo kundi letu likanigeukia kwa sifa. "Mwalimu alisema." "Tungewasikiliza wale tungekufa njaa." Mtu akaurudisha muhuri wangu wa Ijumaa, akauwekea makofi. Mkasa wa ami ukazungumzwa kando, kama jambo jingine kabisa: kusi imeingia, wahenga walisema, poleni sana, mchango utaletwa kwa fulani. Nilitoa mchango. Kisha nikaenda kwenye ule ujumbe wa sifa nikauwekea kidole gumba.

Kile kidole ndicho kinachoniumiza zaidi. Ijumaa nilikuwa na kiburi, na kiburi nakifahamu, ni ugonjwa wangu wa siku nyingi. Jumapili nilikuwa najua. Nilikuwa nimekwisha mwona kijana akiwa amefungwa mkono.

Siwezi kuthibitisha kwamba wimbi lile lilitoka Mafia. Wimbi halina cheti cha kuzaliwa. Kwa muda nilijificha nyuma ya jambo hilo: labda ilikuwa kusi tu, na kusi haikuletwa na mimi. Lakini tahadhari haikusema wavuvi wakae kwa sababu ya jina la Hidaya. Ilisema bahari itachafuka. Ikachafuka. Aliyeukana ujumbe ule alikuwa mimi.

Nimetafuta pia wa kumsukumia lawama, na wapo wa kutosha. Tarehe 11 Aprili 2012 nchi ilitetemeka chini ya bahari nje ya Sumatra kwa kipimo cha 8.6, tahadhari ya tsunami ikatolewa mpaka huku kwetu, na bahari ikakaa kimya. Mapande ya miamba yalikuwa yameteleza kwa ubavu, hayakuyainua maji. Watu hawakuelezwa hivyo. Walichobaki nacho ni kwamba waliambiwa wakimbie bure. Wamesahau tarehe 26 Desemba 2004, siku tsunami ilipokuja, fukwe za Kenya zikaondolewa watu mapema na nchi ikapoteza mtu mmoja, wakati Somalia, ambako sisi Wabajuni tuna ndugu, walikufa karibu 300, wengi wao Hafun kule kaskazini. Tahadhari iliyofanya kazi haina hadithi ya kusimulia, maana hakikutokea kitu.

Tena kwa wavuvi wa Lamu neno "msitoke" lina historia yake. Kwa miaka 7 walikatazwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, mpaka 2018 marufuku ilipoondolewa. Samaki wa usiku wakabaki baharini na ada za skuli zikabaki bila kulipwa. Mtu aliyeishi hivyo akisikia serikali inasema asishuke baharini, hasikii habari ya upepo. Anasikia marufuku nyingine. Nililijua hili, na muhuri wangu ulipendwa kwa sababu hiyo: ulisema kile ambacho watu walikuwa tayari wanataka kusikia. Nilijiona napigana na uzushi, kumbe nilikuwa napeperushwa na upepo ule ule unaopeperusha uzushi.

Nilikuwa nikijilinganisha na wenye kazi yao ya kuhakiki habari, PesaCheck na Africa Check, ambao nao hutoa hukumu. Nimekwenda kuwasoma upya kwa macho mengine. Hukumu yao ina neno moja, ndiyo, lakini chini yake kuna aya kadhaa: picha ilipigwa wapi, imeanza kuzunguka lini, ofisi inayohusika imesema nini. Wakikuta picha ya uongo katika habari ya kweli, wanasema hivyo hivyo, kwamba picha si yake na habari ni hii. Mimi nilichukua kwao neno la juu nikaacha aya. Aya hazipigiwi makofi.

Hata ile mishale miwili niliisoma vibaya. WhatsApp waliweka alama hiyo, na Aprili 2020 wakazuia ujumbe wa namna hiyo usitumwe kwa zaidi ya mtu au kundi moja kwa wakati, ili kupunguza mbio za uzushi. Alama inakwambia ujumbe umetembea. Haikwambii umedanganya. Tahadhari ya kweli kuhusu bahari, ikiwa ina maana yoyote, itatembea sana pia.

Kwa upande wa sheria niko salama, nalo ni jambo la kuchekesha. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya 2018, katika kifungu cha 23, iliweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayetangaza uongo wa kuleta taharuki, hali akijua kuwa ni uongo. Yule mwanamume aliyehema kwenye sauti angeweza kutafutwa. Mimi niliyetuliza watu, sina kosa. Hakuna anayemshtaki mtu kwa kuwatuliza wenzake.

Nilikwenda kwa ami kaskazi iliyofuata, bahari ikiwa shwari na yeye akivua kwa mashua ya mtu mwingine. Nilimkuta akishona nyavu kivulini. Nikamwambia kila kitu, pamoja na kidole gumba, ambacho ilibidi nimweleze ni kitu gani. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikutoka kwa neno lako. Mai niliyaona yana ghasia. Nilitoka kwa deni." Nikahisi mzigo unashuka. Alikuwa amebeba nami nusu ya kosa, nikafurahi. Halafu akaongeza, "Lakini kijana hakutaka. Ulipoweka muhuri, ndipo akakubali."

Basi ikabidi niende kwa kijana. Mkono wake ulipona, ila hauinuki juu ya bega, na anafanya kazi ya kupima samaki bandarini. Hakunikasirikia. Aliniuliza swali moja tu, kwa nini sikuandika kwenye kundi, ikiwa niliweza kumwambia yeye. Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani nikaandika.

Niliandika kwa urefu, kama zamani za chai ya rangi. Nikaeleza kwamba video ile ilikuwa ya nchi nyingine, kwamba sauti ilitia chumvi, na kwamba tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa ya kweli na mimi niliifunika makusudi. Nikataja kwamba sifa za Jumapili sikuzistahili. Majibu yalikuwa machache. Mmoja aliandika "Mwalimu una moyo safi," jambo ambalo silo nililokuwa nimesema. Mwingine akaweka picha ya muhuri mwekundu, kwa mzaha, juu ya maungamo yangu. Wengine wengi, nadhani, hawakufika chini. Ulikuwa ujumbe mrefu. Ndiyo maana mpaka leo nataniwa bandarini.

Tena, mimi mwalimu, nilisahau kuweka tarehe.

Kusi iliyofuata, mwaka 2025, ujumbe wangu ulinirudia kutoka Mombasa. Ulikuwa na mishale miwili. Mtu fulani njiani alikuwa ameukata, akaondoa kuungama kote, akabakisha sehemu ya katikati: tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa ni ya kweli, kimbunga Hidaya, wavuvi wasitoke, na jina langu chini. Nikaanza kupigiwa simu na watu nisiowajua. Sikubandika muhuri wowote. Niliandika upya kwenye kundi, safari hii tarehe ikiwa juu kabisa, lakini simu haziendi kinyumenyume kumfuata kila aliyekwisha kupokea.

Mmoja wa waliopiga alikuwa mwanamke wa Kiunga. Alinisalimu kwa adabu, akaniuliza habari za watoto, kisha akaniuliza: mumewe ashuke baharini ama asishuke?

Nilimwambia ujumbe ni wangu, lakini habari yake ni ya Mei ya mwaka uliopita, na Hidaya ilikwisha siku zile zile. Nikamwambia niliyoyasikia redioni asubuhi ile kuhusu upepo wa wiki, ulikuwa wa kusi ya kawaida. Nikamwambia kwetu naona povu kwenye miamba, la kadiri, na kwamba bahari ya Kiunga siioni. Hayo mengine, nikasema, amwulize nahodha wao, yeye ndiye atakayeyaona maji yenyewe.

"Nahodha ni yeye mwenyewe," akasema. "Ndiyo maana nakuuliza wewe."